Migomba Iliyofika Ukutani

Mgomba mbichi ukikatwa una harufu yake. Siwezi kusema ni nzuri, wala siwezi kusema ni mbaya. Ni kama maji ya kisimani yaliyolala kwenye ndoo ya chuma, na ndani yake kuna utamu mdogo ambao huusikii mpaka umeshaondoka mahali penyewe. Utomvu wake ukidondokea nguo, hautoki. Mama yangu alikuwa na kitenge kimoja chenye madoa ya utomvu huo begani, kahawia, akakivaa hivyo hivyo mpaka kikaisha.

Nayasema haya kwa sababu jirani yetu hapa Bukoba, huku mlimani ninakoishi na binti yangu, amenunua kibanja cha watu, yaani shamba la migomba, na anakifyeka apate kujenga. Tangu asubuhi nasikia panga. Harufu imepita dirishani ikaja kukaa nami kitandani. Huku nje wajukuu wanapiga kelele, tumbili kaingia tena jikoni. Kachukua mkate, kapanda juu ya bati, anakula taratibu kama mwenye nyumba. Hawa tumbili hawakuwepo tulipohamia. Wameanza kuja mwaka huu, tangu ule msitu wa bondeni ulipoanza kugeuka viwanja. Mjukuu wangu mkubwa akanichungulia mlangoni akauliza, "Bibi, kwani hawa hawana kwao?"

Mawazo yalikuwa yameshanitoka, yamekwenda Kimwani.

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo mkiona nimeanza jambo nikaliacha njiani, nivumilieni, nitalirudia.

Sisi asili yetu ni Ijumbi, huko Muleba, juu, kwenye ubaridi. Nyumba ya Mhaya, kama hamjaiona, haisimami kando ya migomba. Imo ndani ya migomba. Ukuta unapoishia ndipo mgomba unapoanza, na ukitoka mlangoni asubuhi jani linakufuta uso kwa umande. Chini tunatandaza nyasi nene ili ardhi isikauke, na ukikanyaga hapo husikii mguu wako mwenyewe. Kibanja chako kinagusana na cha jirani, cha jirani na cha mwenzake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa kijiji, na mtu anaweza kutoka kanisani hadi kwake bila jua kumwona. Mwisho wa kijiji ndipo inapoanza rweya, mbuga ya majani mafupi, peupe kabisa, ambako wanawake hupanda njugu na kukata hizo nyasi za kutandaza. Wazee wetu walitufundisha kupanda migomba. Habari za rweya hawakutufundisha. Ilikuwa ipo tu, kama mbingu, na hakuna aliyejiuliza ina kazi gani.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa kitinda mimba kati ya wanaume wengi. Babu alipokufa kibanja kikagawanywa, na kipande kilichomfikia Tata kilikuwa kidogo kiasi kwamba baba zangu wakubwa walimtania kuwa akilala akanyoosha miguu atakuwa ameingia kwa mwenzake. Alicheka nao. Lakini mama alituambia kwamba nyumbani hakucheka. Ndiyo maana ulipokuja wakati wa vijiji vya ujamaa, wakatangaza kwamba kule Kimwani, tambarare, kuna ardhi isiyo na mtu na anayetaka apelekwe, Tata alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Wengine walilazimishwa, sikatai, nimewasikia wakisimulia. Sisi tulikwenda kwa hiari yetu.

Likaja lori. Na hapa ndipo mama na Tata walipogombana kwa mara ya kwanza mbele yangu, kwa sababu ya kitanda. Mama alikuwa na kitanda cha mbao alichopewa na kaka yake alipoolewa. Tata alikuwa amechimba machipukizi ya migomba kutoka kibanja cha marehemu baba yake, ameyafunga kwa nyasi mbichi, ameyanyunyizia maji kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nafasi ndani ya lori haikutosha vyote. Kitanda kikabaki Ijumbi. Mama alikaa juu ya yale machipukizi safari nzima, amempakata mdogo wangu Muta aliyekuwa bado ananyonya, na kila lori liliporuka shimoni Tata aligeuka kutazama. Mimi nilidhani anatutazama sisi. Alikuwa anatazama machipukizi.

Kimwani kulikuwa na joto, na mbung'o, na miti. Miti mingi sana. Nyumba zetu zilipangwa kwa mstari, mkabala, barabara katikati, kama mabweni. Kazi ya kwanza ya kijiji ilikuwa kufyeka shamba la pamoja, na watu wazima walitoka asubuhi na mashoka wakiimba. Jioni walichoma. Ule moshi sitausahau. Ulikaa kijijini majuma mengi, tukanywa uji wenye ladha ya moshi, na jua lilizama jekundu kama jicho linalouma.

Wanyama tuliwaona siku za mwanzo. Pongo alikatiza barabara yetu mchana, katikati ya nyumba, amechanganyikiwa, na wanaume wakamzunguka kwa marungu. Siku nyingine kanga, kundi zima, walipita wanakimbia kwa miguu kama wanafunzi waliochelewa kengele. Tulifurahi. Nyama ilikuwa inatufuata mlangoni. Sikumbuki mtu aliyeuliza wanatoka wapi na wanakwenda wapi, na kama aliuliza, hakuna aliyemsikiliza.

Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa mama mmoja Msukuma, Mama Ngolo, mjane, mwenye mbwa na mbuzi wachache. Uwanja wake alikuwa anaufagia kila kulipokucha mpaka ardhi ikang'aa, hakuna hata jani, hakuna hata mti wa kuanikia chombo. Sisi upande wetu Tata alipanda migomba yake. Alianza ukutani. Alizungushia nyumba pande zote, akaenda nayo nyuma mpaka ikakutana na vichaka vya bondeni, kule kwenye kijito, kwa sababu macho yake hayakuweza kuvumilia kuona sehemu tupu. Akatandaza nyasi. Akamwaga majivu na maganda. Mama Ngolo akasimama mpakani, mikono kiunoni.

"Baba Kemi," alimwambia, "wewe umekuja kujenga nyumba au kujenga pori?"

"Na wewe, Mama Ngolo, nyumba yako iko uchi," Tata akamjibu. "Ivalishe nguo, watu wanapita."

Walicheka wote wawili. Mchezo huo uliendelea kila walipokutana. Nyumba uchi, nyumba pori. Kemi ndiye mimi, Kemilembe.

Ardhi ile ilikuwa haijawahi kulimwa, na migomba ilikwenda juu kama imeitwa. Kabla hatujajua, majani yamekutana juu ya paa. Ndani yake kukawa baridi. Wenzetu barabarani wanaungua na jua, sisi tumo kwenye kijani. Na mama, ambaye tangu siku ya kitanda alikuwa anazungumza na Tata kwa maneno ya lazima tu, siku moja alitandika mkeka nyuma ya nyumba chini ya migomba, akaketi, akanyoosha miguu, akaanza kuimba wimbo wa kwao. Tata alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Akaacha. Migomba ya kwanza ilikuwa imeanza kutoa mikungu, midogo, na Tata alikuwa anaikagua kila jioni, anaigusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa.

Sasa, mwaka huo huo kijiji kilipanua shamba la pamoja. Walifyeka upande wa bondeni mpaka kijitoni, ng'ambo mpaka kwenye mawe. Vichaka vyote vikaisha. Kikabaki kile kipande chetu cha migomba na ardhi tupu iliyokizunguka, nyekundu, ina masalia ya visiki vinavyotoa moshi.

Ndipo yakaanza mambo. Kwanza nguruwe pori kwenye mihogo. Halafu nyani, wanang'oa mahindi ya kijiji na kuyaacha chini bila kuyala. Halafu mbwa wakaanza kupotea. Wa Mama Ngolo alipotea kwanza, na asubuhi, kwenye ule uwanja wake uliofagiwa, kila mtu aliona nyayo. Kubwa, za mviringo, hazina alama ya kucha. Wasukuma walisema chui. Sisi tulisema engo, ni yule yule. Baadaye akapotea mbuzi wake, na nyayo zikaonekana tena, zimepita katikati ya uwanja, zimefika mpakani kwetu, zikaishia hapo.

Watu walikuja kutazama kwetu. Tata aliwazungusha nyumba nzima. Nyasi zilikuwa zimelala vile vile, laini, hazina alama yoyote. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Severiani, Mhaya mwenzetu kutoka Ijumbi, akainama, akatazama, akasema kwamba huyu mnyama anaiogopa migomba, hajaizoea, ndiyo maana anageukia hapa. Tata alikubali. Alisema kwa sauti ili Mama Ngolo asikie, kwamba kwake hakujafika kitu, chui amefuata kwenye peupe, na anayefagia uwanja anamfagilia mgeni njia.

Mama Ngolo hakucheka siku hiyo. Alikuwa anamlilia mbuzi wake.

Kwa hiyo tuliendelea kuishi kwa amani. Nataka mlielewe hili kabla sijaenda mbele. Hatukuwa wajinga. Kwa watu wa kwetu, hatari inatoka nje, inatoka rweya, na ndani ya migomba ni nyumbani. Mtoto mchanga anawekwa kivulini pale akalala, mama akaendelea na kazi, na mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Hakuna mahali salama zaidi ya hapo.

Siku hiyo ilikuwa saa za kuandaa chakula cha mchana. Mama alikuwa amekaa mlango wa nyuma anamenya ndizi za kununua. Mimi nilikuwa naokota maganda nayatupia mbuzi wetu mmoja, aliyefungwa kwenye mgomba. Muta alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya migomba, mahali pale pale mama alipoimbia. Alikuwa ameanza kutembea tembea, na siku ile amechoka.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mbuzi. Aliacha kutafuna. Ganda lilikuwa linaning'inia mdomoni, halishuki wala halipandi. Nikafuata macho yake.

Ule mwanga wa ndani ya migomba mnaujua, una madoa madoa. Jani linatikisika, madoa yanatembea. Nyuma ya mkeka, karibu kiasi kwamba mtu mzima angenyoosha fimbo angempata mtoto, palikuwa na madoa ambayo hayakutembea. Kisha nikaona sikio. Kisha nikaona jicho, linanitazama.

Sijui kama nilipiga kelele. Nakumbuka sauti ya mama tu, ya chini, ya kawaida, kama ananituma chumvi. "Kemi. Usikimbie. Rudi nyuma, polepole, uingie ndani."

Aliweka kisu chini. Sielewi mpaka leo kwa nini alikiweka. Akainuka, akatembea kuelekea mkekani, hatua za mtu anayekwenda kumchukua mtoto wake aliyelala, si haraka, na huku anaongea Kihaya, maneno ya kumbembelezea Muta, lakini macho hayako kwa Muta. Aliinama. Alimwinua. Muta hakuamka. Mama akarudi kinyumenyume, anaongea vile vile, mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

Yule mnyama akasimama. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyofikiri chui anavyokuwa. Alikuwa jike, matiti yamelegea chini ya tumbo. Aligeuka akaondoka katikati ya migomba, juu ya zile nyasi, na sikusikia chochote. Hata jani kavu halikulia. Hapo mama aliketi sakafuni, amempakata Muta.

Tata alipoitwa shambani alikuja na watu. Walipekua migomba safari hii, si kwa kutazama nyasi bali kwa kuzifunua. Nyuma ya chumba tulicholala sisi watoto, ukutani, walikuta nyasi zimebonyea, zimezunguka kama kiota. Palikuwa na manyoya. Palikuwa na kwato za mbuzi wa Mama Ngolo, na fuvu la mbwa. Upande wa pili wa ukuta ule wa udongo ndipo mto wa kichwa changu ulipokuwa. Alikuwa analala pale. Sisi ndani, yeye nje, tumepeana migongo.

Jioni wakakutana kwetu, mbele ya nyumba. Ta Severiani alisema mgambo wameitwa, watakuja na bunduki, lakini mgambo wataona nini ndani ya giza hili. Migomba ikatwe. Yote iliyozunguka nyumba, mpaka kijitoni.

Tata alisema hapana.

Hapa lazima niwaeleze ninyi msiotoka kwetu. Kule Ijumbi, mtu alipowakosea watu wote kosa lisilosameheka, walikuwa wanamkatia migomba. Asubuhi anaikuta imelala, na haambiwi kitu kingine. Anajua kwamba hatakiwi tena, afunge mizigo. Kwa hiyo Ta Severiani aliposema neno lile, naye akiwa Mhaya, aliangalia chini. Na ile mikungu ilikuwa bado michanga. Tulikuwa hatujala hata ndizi moja ya mgomba wetu.

Tata akasema atalinda kwa mkuki. Akasema atamweka mtoto ndani. Akasema maneno mengi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na Muta begani, hajamweka chini tangu mchana. Alingoja Tata amalize.

"Baba Kemi," alisema, "niliacha kitanda changu. Na wewe acha migomba yako. Au kesho mimi na watoto tunarudi Ijumbi kwa miguu."

Mama Ngolo alikuwa pale mpakani, na kama angetaka kumrudishia Tata neno, siku ilikuwa hiyo. Alikwenda kwake, akarudi na panga lake lililonolewa, akamkabidhi Tata kwa mikono miwili.

Asubuhi Tata alikata mwenyewe. Vijana walikuja kusaidia, akawakataza, akasema migomba ya mtu haikatwi na watu. Mama alimkabidhi Muta kwa Mama Ngolo, akaingia kwenye migomba pamoja na Tata. Kila mgomba wenye mkungu, mama alisimama chini yake akauweka mkungu begani, ili shina likianguka usipige ardhi, vile vile kama tunavyovuna ndizi zilizokomaa. Ndipo utomvu ulipoingia kwenye kile kitenge. Panga linalia, mgomba unaanguka kwa sauti ya maji, jua linaingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Kufika mchana nyumba yetu ilikuwa uchi. Tulizipika zile ndizi changa, zilikuwa ngumu, hazina ladha, zinanata kwenye meno, na Tata alituambia tumalize, hakuna kutupa.

Chui alipigwa risasi na mgambo siku chache baadaye, kwenye visiki, kwenye peupe. Hakuwa na mahali pa kuingia. Walimbeba hadi uwanja wa shule, tukapangwa mstari tumguse. Nilimgusa mguuni. Wanawake waliomchuna walisema alikuwa na maziwa. Watoto wake walitafutwa, hawakuonekana, na baada ya hapo hakuna aliyewataja tena.

Tuliishi Kimwani miaka mingi, mimi niliolewa nikitokea pale. Nilipokwenda kuonyesha mtoto wangu wa kwanza, Tata alikuwa ameanza kuzeeka. Tulikaa uwanjani kwetu, uliofagiwa kama wa Mama Ngolo. Nikamtania kwamba mjukuu wake akilala hapa nje hakuna chui wa kumtazama. Hakucheka.

"Yule hakuja kutuibia, Kemi," akasema. "Tulipofyeka mpaka kijitoni, kote kukawa jua. Kivuli kilibaki kwangu tu. Hata ningekuwa mimi, ningeingia hapo."

Mjukuu wangu bado yuko mlangoni, ananingoja, na manati ameshaishika mkononi. Nitamwambia aiweke chini, afunge dirisha la jikoni, halafu aje aketi. Nitamweleza tumbili kwao ni wapi. Msitu ulipofyekwa, walihamia pale panapotoka ile harufu.

Na nitamweleza jambo ambalo jirani yetu hajalijua bado. Mgomba ukikatwa haufi. Shina linabaki chini, na kesho yake tu katikati ya jeraha kunachomoza ulimi mweupe, unapanda, unataka kuwa mgomba tena. Kule Kimwani ilikuwa hivyo, nyumba nzima, pande zote. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba la kijiji, Tata alizunguka na panga kukata machipukizi, yale yale aliyoyaleta kutoka kwa baba yake na kuyanyunyizia maji kwenye lori. Siku zote hizo nilikuwa naamka kwa harufu hiyo. Mimi nilidhani anapalilia. Nilimwona anainama kwenye kila chipukizi, analigusa kwanza kwa kiganja, kidogo, ndipo anakata, nami nikadhani anatafuta wadudu.